Nyuki, Mpagazi wa Maji: Habari za Joto la Mzinga

Mtu apitaye katika mitaa ya Kariakoo, mjini Dar es Salaam, saa saba ya mchana mwezi wa Februari, hana budi kutafuta kivuli. Jua ni kali, mabati ya mapaa yanawaka, na joto la hewa hupita nyuzi 30 za Sentigredi. Walakini penye bomba livujalo twaweza kumwona nyuki akifyonza maji, akaruka, kisha akarudi tena. Watu humfukuza, wakidhani ana kiu yake tu. Sivyo. Huyu ni mpagazi, na mzigo wake unangojewa nyumbani.

Neno hili mpagazi si geni mahali pale. Kabla ya Vita Kuu ya 1914 Wajerumani walikuwa wamejenga hapo jengo kubwa. Waingereza walipoutwaa mji, mwezi wa Septemba 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi lao, walioitwa Carrier Corps. Watu wetu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Maelfu na maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi, na majina yao hatuyajui. Mwaka 1923 jengo lile likafanywa soko.

Tangu zamani asali na nta za Unyamwezi zilishuka pwani vichwani mwa watu. Na reli ya kati ilipofika Tabora, mwaka 1912, mizigo ikapata njia nyepesi. Nta ni mali njema, lakini ina udhaifu wake: ikipata joto kali hulainika, na ifikapo nyuzi 62 hivi huyeyuka. Basi tufikiri: nyuki hujenga nyumba yao yote kwa kitu kiharibiwacho na joto, nao wanakaa katika nchi ya jua. Tena majana, yaani watoto wa nyuki walio bado katika masega, hawakui vema ila joto likae kati ya nyuzi 33 na 36, usiku na mchana. Je, nyuki hufanyaje?

Aliyeanza kutufumbulia jambo hili alikuwa kipofu. François Huber wa Geneva, katika nchi ya Uswisi, alipoteza macho yake tangu ujana. Akatumia macho ya mtumishi wake, François Burnens. Huber aliuliza, Burnens akatazama, kisha wakapima pamoja. Katika kitabu chake cha mwaka 1814 alieleza ya kuwa nyuki husimama mlangoni na ndani ya mzinga, wakipunga kwa mabawa yao, hata hewa mbaya ikatoka na hewa safi ikaingia.

Mwaka 1954 Martin Lindauer, Mjerumani, alitoa habari ya ajabu zaidi. Aliuweka mzinga juani, juu ya mawe meusi ya volkano katika Italia, mahali palipopata joto la nyuzi 70 hivi. Ndani ya mzinga joto halikupita nyuzi 36, maadamu nyuki walipata maji. Walileta maji matumboni, wakayaweka matone matone juu ya masega, na wenzao wakapunga mabawa. Maji yalipokauka yakachukua joto, kama nguo mbichi inavyompoza aliyeivaa. Nao wapagazi walijuaje kwamba maji yahitajiwa? Lindauer aliona ya kuwa mzigo ukipokewa upesi, mpagazi hurudi kuteka tena. Akikawia kupokewa, huacha. Hakuna mnyapara awaamuruye.

Hata mwili wa nyuki mmoja una hekima yake. Wakati wa baridi hukaza misuli ya mabawa kifuani pasipo kuruka, akatetemeka hata akapata moto, na moto ule huwapasha majana. Wakati wa hari kuu hutoa tone la maji matamu ya maua mdomoni, nalo likikauka hupoza kichwa chake. Habari hii ya tone ilithibitishwa na Bernd Heinrich huko Marekani, mwaka 1979.

Katika nchi yetu pia elimu hii imetafutwa. F. G. Smith, aliyekuwa mtaalamu wa nyuki katika Tanganyika, mwaka 1961 aliwapambanua nyuki wadogo wa pwani na nyuki weusi wa milimani. Hao wa pwani wapambana na hari, na hao wa milimani na baridi, lakini watoto wao wahitaji joto lile lile moja. Wala wazee wetu hawakuwa wajinga. Mzinga wa gogo nene, uliotundikwa mtini penye majani, huzuia jua; wazee walikitumia kivuli kabla kipimajoto hakijafika kwao. Mtu auwekaye mzinga juu ya mabati, mbali na maji, asistaajabu masega yakianguka na nyuki wakihama. Wamefanya kazi hata wakashindwa.

Nao watu wa mjini walijenga kwa shauri lililo karibu na hilo. Soko jipya la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilipewa paa la miavuli mikubwa ya zege: lilitia kivuli, liliacha upepo upite, na lilikinga maji ya mvua. Kivuli, upepo na maji. Ndivyo vitu vitatu auhitajivyo nyuki mzinga wake. Soko lile liliungua mwezi wa Julai 2021, na wengi wakapotewa na mali yao.

Basi, msomaji, umwonapo nyuki penye bomba wakati wa jua kali, usimpige. Haba na haba hujaza kibaba: tone alilolibeba ni dogo, walakini pasipo matone yale hakuna sega lisimamalo, wala asali ya kuuzwa sokoni. Mpagazi hana jina, lakini nyumba husimama kwa mzigo wake.