Tovuti mbili, kompyuta moja: Namna ya kubaini hitilafu za hosti pepe

KIJANA anayetengeneza tovuti akiwa Mbaha, katika mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, halazimiki kununua kifurushi cha intaneti kila anapotaka kuiona kazi yake. Kompyuta yake yenyewe inaweza kufanywa seva, ikazitunza kurasa na kuzionyesha kwenye kivinjari bila kuunganishwa na mtandao wowote.

Programu inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Apache, iliyoanza kusambazwa mwaka 1995. Wengi huipata ndani ya vifurushi kama XAMPP na WampServer, ambavyo huja pamoja na lugha ya PHP na hifadhidata. Kifurushi kikishawekwa, mtumiaji huandika neno localhost kwenye kivinjari na ukurasa hufunguka.

Ugumu huanza pale kazi zinapokuwa mbili. Mtengenezaji mmoja anaweza kuwa na tovuti ya shule ya sekondari na ya kikundi cha wavuvi, na akataka kila moja iwe na jina lake. Utaratibu wa kuzipa tovuti kadhaa makao katika seva moja huitwa hosti pepe.

Namna unavyofanya kazi si ngeni kwa wakazi wa vijijini. Kwa miaka mingi barua za watu wengi zimekuwa zikipitia sanduku moja la posta la shule au la misheni, na anayezigawa husoma jina lililoandikwa juu ya bahasha. Vivyo hivyo, kivinjari huituma seva jina la tovuti inayotakiwa. Sharti la kulitaja jina hilo liliwekwa katika toleo la 1.1 la kanuni za HTTP, lililochapishwa mwaka 1997.

Hitilafu inapotokea, baadhi ya watumiaji huamua kuifuta programu yote na kuiweka upya. Uamuzi huo ni wa hatari. Katika XAMPP, kabrasha la htdocs linalobeba kurasa na kabrasha linalobeba hifadhidata vyote viko ndani ya programu hiyo, hivyo kazi ya miezi inaweza kupotea kwa dakika chache. Hatua ya kwanza, kabla ya kugusa chochote, ni kunakili makabrasha hayo pamoja na faili za mipangilio. Baada ya hapo hitilafu itafutwe kwa kufuata dalili.

Kivinjari hakiioni tovuti

Kivinjari kikisema kuwa anwani haipatikani, kwa kawaida kosa haliko kwenye Apache. Kompyuta haijui kwamba jina hilo ni lake yenyewe. Jina linapaswa kuandikwa katika faili iitwayo hosts, ambayo katika Windows ipo C:\Windows\System32\drivers\etc na katika Linux ipo /etc. Mstari unaohitajika ni huu:

127.0.0.1 shule.test

Katika Windows, faili hiyo haikubali mabadiliko mpaka programu ya kuandikia ifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi. Kosa jingine la mara kwa mara ni Notepad kuihifadhi kwa jina la hosts.txt, ambalo kompyuta hailitambui. Amri ya ping shule.test huondoa shaka: ikijibu 127.0.0.1, au ::1 pale mstari wa aina hiyo ulipoongezwa, jina limetambuliwa.

Uchaguzi wa jina nao una athari zake. Wapo waliozoea kumalizia majina yao kwa .dev, lakini kikoa hicho kinamilikiwa na Google, na tangu mwishoni mwa mwaka 2017 kivinjari cha Chrome kimekuwa kikikilazimisha kutumia njia ya usalama ya HTTPS. Kikoa cha .test kilitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya majaribio na hakiwezi kuuzwa kwa mtu yeyote.

Inafunguka tovuti nyingine

Dalili inayowachanganya wengi ni kuomba tovuti ya wavuvi na kuletewa ya shule. Apache isipolipata jina lililoombwa, hutoa hosti pepe iliyoandikwa kwanza kwenye mipangilio. Sababu yaweza kuwa jina la ServerName lililokosewa herufi, au faili ya httpd-vhosts.conf kutosomwa kabisa kwa kuwa mstari wa Include unaoiita ndani ya httpd.conf bado umetanguliwa na alama ya #.

Kwa sababu hiyo hiyo, anayeongeza hosti pepe ya kwanza huweza kushangaa localhost ya zamani imetoweka. Dawa yake ni kuiandikia localhost hosti pepe yake na kuiweka ya kwanza.

Amri ya httpd -S huorodhesha hosti pepe zote ambazo Apache inazitambua, pamoja na faili na mstari zilipoandikwa. Wanaotumia matoleo ya kabla ya 2.4, lililotoka mwaka 2012, wanahitaji pia mstari wa NameVirtualHost. Katika matoleo ya baadaye hauna kazi.

Seva inakataa

Jibu la namba 403 maana yake ni kwamba seva imefikiwa lakini imezuiwa kutoa ukurasa. Mara nyingi kabrasha la tovuti lipo nje ya htdocs na halijaruhusiwa. Maelekezo mengi ya zamani yanataja Order na Allow, ilhali toleo la 2.4 hutumia Require all granted ndani ya sehemu ya Directory. Katika Linux, ruhusa za kabrasha lenyewe nazo zikaguliwe.

Apache haiwaki

Apache ikikataa kuwaka baada ya mabadiliko, amri ya httpd -t hutaja mstari wenye kosa la uandishi. Amri hiyo isipoona kosa, huenda mlango namba 80 umeshikwa na programu nyingine, kwa mfano IIS ya Microsoft. Amri ya netstat -ano huonyesha namba ya programu iliyoushika. Taarifa zaidi hupatikana katika faili ya error.log, na mistari ya mwisho ndiyo ya kusomwa kwanza.

Ikumbukwe kuwa kila badiliko katika mipangilio ya Apache huhitaji programu hiyo iwashwe upya. Aidha, ni busara kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja na kulijaribu.

Tahadhari ya mwisho inahusu siku tovuti inapohamishiwa kwenye seva ya kukodi na kupewa jina lililosajiliwa, mathalani chini ya kikoa cha .tz. Ikiwa jina hilo halisi liliandikwa katika faili ya hosts wakati wa majaribio, mstari wake ufutwe. Ukibaki, mtengenezaji ataendelea kuona nakala iliyomo kwenye kompyuta yake na kuamini kuwa kila kitu ni shwari, hata kama wasomaji wa Songea na Dar es Salaam hawaoni kitu.