Umbo la ujulikanaji katika Kidenmaki na Kinorwe

Kwa Kidenmaki, "en bil" ni gari ambalo msikilizaji bado halijui. "Bilen" ni gari ambalo anajua ni lipi. Ujulikanaji huo umebebwa na kiambishi mwishoni mwa nomino. "En" ya mbele na "-en" ya nyuma zinafanana kwa sadfa tu: ya kwanza inatokana na neno la kale la "moja", ya pili na kionyeshi "inn" kilichofuata nomino hadi kikagandamana nayo.

Jinsia ndiyo inayochagua kiambishi. "Hus", nyumba, huwa "huset". Kinorwe huongeza "-a" ya jinsia ya kike, kama "boka", kile kitabu, na "t" ya "huset" haitamkwi huko.

Kivumishi kikiingia, ndugu hawa wawili wanaachana. Mdenmaki husema "det store hus" na kuacha kiambishi, kwa kuwa "det" imeshamaliza kazi. Mnorwe hutia alama mara mbili: "det store huset". Hata hivyo Kanisa la Norwe huitwa "Den norske kirke", bila kiambishi, urithi wa karne ambazo Kidenmaki kilikuwa lugha ya maandishi nchini humo.

Umbo hili tuliiteje? Wengi wangekimbilia "mahususi", nami nalikataa. Mtu akisema "jeg kjøpte en bok", nilinunua kitabu, kitabu hicho ni mahususi kabisa kwake, lakini umbo la ujulikanaji halitumiki, maana msikilizaji hakijui. "Yakinishi" tumeshaipa kazi ya kupinga "kanushi", na "bainifu" imeshikwa na wanafonolojia. Sarufi ya Kiarabu ililenga vyema zaidi: nomino yenye "al" huitwa kwa neno lenye maana ya kujulikana. Ndiyo maana napendekeza "umbo la ujulikanaji".

Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo, ila kina njia zake. "Nimekisoma kitabu" huelekea kitabu tulichokwisha kukitaja; "nimesoma kitabu" huacha mlango wazi. Kwa watu njia hiyo haifai sana, kwani "nimemwona mtu" husemwa hata kwa mgeni asiyejulikana kabisa. Basi mfasiri wa "bilen" mara nyingi ataandika "gari" tu na kuuachia muktadha, na "lile" ataitia pale tu msomaji anapoweza kudhani limekuja gari jingine.