Usalama wa Majengo ya Hospitali Dhidi ya Matetemeko Kanda ya Ziwa Huanzia Kwenye Zabuni

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba, 2016, majira ya saa 9:27 alasiri, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliutikisa Mkoa wa Kagera na kusikika katika mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa, ikiwemo Mwanza, pamoja na nchi jirani za Uganda na Rwanda. Chanzo chake kilikuwa karibu na Nsunga, wilayani Missenyi, katika kina cha takribani kilomita 40. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na nyumba nyingi zilianguka au kupata nyufa zilizozifanya zisikalike. Shule kongwe za Sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kutokana na uharibifu wa majengo. Majeruhi walikimbizwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo mjini Bukoba.

Shule inaweza kufungwa na wanafunzi wakahamishiwa kwingine, kama ilivyofanyika kwa Ihungo na Nyakato. Hospitali haina nafasi hiyo, kwa kuwa saa ambayo jengo lake linatikisika ndiyo saa ambayo wananchi wengi zaidi wanalihitaji. Kutoka Bukoba hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza, ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa muda wa kusubiri kivuko, lakini halijaufupisha mwendo kiasi cha kumfaa mtu anayevuja damu. Ndiyo maana usanifu wa majengo ya hospitali za umma dhidi ya tetemeko ni suala la mkataba linalopaswa kuamuliwa kabla mkandarasi hajafika eneo la ujenzi.

Kwa muda mrefu wakazi wengi wa kando ya Ziwa Victoria waliamini kuwa matetemeko ni ya Kigoma, Rukwa na Mbeya. Imani hiyo ina msingi wake. Ziwa Victoria limekaa katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, na mkono wa magharibi, unaopita kwenye maziwa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika na Rukwa, ndio wenye historia ya matetemeko makubwa. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba, 1910, linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa zaidi ya 7, ni miongoni mwa makubwa kuwahi kurekodiwa barani Afrika. Mwaka 1966 eneo la Toro, magharibi mwa Uganda, lilipata tetemeko lililoua watu zaidi ya 100. Hata hivyo, tetemeko la Kagera halikutokea ndani ya mkono huo bali mashariki yake, karibu na ziwa.

Kwa Mwanza, jiolojia ina sura mbili. Vilima vya jiji ni vya mwamba wa graniti, ule ule unaoonekana kwenye Jiwe la Bismarck, na jengo lililosimikwa juu ya mwamba wa namna hiyo kwa kawaida hutikiswa kidogo kuliko lililo kwenye udongo laini. Mabondeni na ufukweni hali ni tofauti, kwani mchanga na tope lililojaa maji hukuza mtikisiko, na mchanga usioshikamana unaweza kupoteza uimara wake kabisa. Viwanja viwili vilivyo umbali wa kilomita moja ndani ya jiji hilo hilo vinaweza hivyo kuhitaji misingi tofauti kabisa.

Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, pamoja na Kanuni zake za mwaka huo, inazitaka taasisi nunuzi kuzingatia thamani ya fedha. Zabuni hutangazwa na kushughulikiwa kupitia Mfumo wa Ununuzi wa Umma wa Kielektroniki, NeST, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA). Hata hivyo, mfumo hauwezi kudai kitu ambacho taasisi haikukiandika. Kiini cha suala hili kimo katika hadidu za rejea za mtaalamu mshauri anayesanifu jengo.

Hadidu zinazosema tu kwamba jengo liwe “imara na salama” hazimfungi mtu yeyote. Wahandisi wengi nchini wamezoea kusanifu majengo ya zege kwa viwango vya Uingereza, na kiwango cha zege cha BS 8110, kilichotumika kwa miongo mingi, hakikuweka masharti ya tetemeko kwa sababu kiliandikwa kwa ajili ya nchi isiyotikisika sana. Mhandisi anayekifuata kwa uaminifu atatoa jengo linalobeba uzito wake vizuri, lakini ambalo halijapimwa kwa nguvu inayolisukuma kutoka ubavuni. Kwa hiyo hadidu hazina budi kutaja kiwango kwa jina. Kipo kiwango cha Ulaya cha usanifu dhidi ya tetemeko, Eurocode 8, kinachoyaweka majengo ya hospitali katika daraja la juu kabisa la umuhimu na kupendekeza nguvu ya tetemeko ya kusanifia iongezwe kwa asilimia 40 ikilinganishwa na jengo la kawaida. Katika ukanda huu, Kenya ilitoa mwongozo wake wa ujenzi kuhusiana na matetemeko mwaka 1973, na Uganda ikawa na kiwango chake mwaka 2003.

Hadidu hizo pia zinapaswa kuagiza upimaji wa udongo wa kiwanja husika kabla ya usanifu, hesabu za jengo ziwasilishwe pamoja na michoro, na hesabu hizo zikaguliwe na mhandisi mwingine asiye na maslahi na mshauri aliyezifanya. Ukaguzi huo huonekana gharama ya ziada hadi siku kosa linapogunduliwa kwenye karatasi badala ya kwenye nguzo. Sifa za wataalamu ni rahisi zaidi kuthibitisha: wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao, na makandarasi wana yao. Kinachohitaji uangalifu ni vigezo vya tathmini. Pale bei inapopewa uzito mkubwa kuliko ubora katika zabuni ya usanifu, mshauri aliyepunguza siku za mhandisi wa mihimili na nguzo ndiye anayeshinda.

Majengo mengi ya afya ya miaka ya karibuni hayakupita njia hiyo. Katika mwaka wa fedha 2018/19 Serikali ilianza ujenzi wa hospitali 67 za halmashauri kwa Shilingi bilioni 1.5 kila moja, na kazi nyingi za aina hiyo zimefanyika kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo halmashauri hununua vifaa na kuwatumia mafundi wa eneo husika. Utaratibu huo umepunguza gharama na kusogeza huduma karibu na wananchi. Michoro hutolewa ikiwa sanifu kwa nchi nzima, jambo linaloharakisha kazi. Lakini mchoro sanifu haujui kama kiwanja kiko Missenyi au kwingineko, wala kama chini yake kuna mwamba au tope. Jukumu la kuuoanisha na kiwanja humwangukia Mhandisi wa Halmashauri, ambaye mara nyingi ana miradi mingine mingi mkononi. Kwa majengo ya chini, masharti yanayookoa maisha si mengi: lenta ya zege yenye nondo inayozunguka kuta zote bila kukatika, nguzo za zege kwenye kona, paa lililofungwa vizuri kwenye ukuta, na ringi za nguzo zilizopangwa kwa ukaribu na kukunjwa ncha zake kuelekea ndani. Hilo la mwisho hupuuzwa zaidi, kwa sababu baada ya zege kumwagwa hakuna anayeliona tena.

Jengo kubaki limesimama si mwisho wa kazi. Mwaka 1971 tetemeko lilibomoa sehemu za hospitali ya Olive View, California, Marekani, ambayo ilikuwa mpya kabisa, na miaka miwili baadaye jimbo hilo likatunga sheria maalumu ya usalama wa hospitali. Jengo jipya lililosimama mahali pake lilistahimili tetemeko la mwaka 1994, lakini mabomba ya maji yalipasuka, maji yakafurika, na wagonjwa wakalazimika kuhamishwa. Kwa hospitali ya Kanda ya Ziwa somo hilo linagusa tangi la maji lililo juu ya paa, jenereta isiyofungwa kwenye sakafu, mitungi ya oksijeni iliyosimamishwa bila mnyororo, na dari iliyoning'inia juu ya meza ya upasuaji. Vitu hivi kwa kawaida hununuliwa kwa mikataba tofauti na ule wa jengo, na hapo ndipo wajibu wa kuvifunga unapopotea. Kipengele kimoja katika kila mkataba, kinachomtaja mwenye wajibu huo, kinatosha kuuziba mwanya.

Wakati wa utekelezaji, vipande vya majaribio vya zege hupimwa nguvu, kwa kawaida baada ya siku 7 na 28, na nondo hukaguliwa kabla ya kufunikwa. Mkataba unaofaa huzuia malipo ya hatua inayofuata hadi mhandisi msimamizi atie saini ukaguzi huo, na huweka picha za nondo za kila nguzo kuwa sehemu ya kumbukumbu za mradi. Kazi ikikamilika, michoro ya jengo kama lilivyojengwa hukabidhiwa kwa hospitali na nakala kubaki kwa taasisi nunuzi, ili tetemeko lijalo likitokea, mhandisi anayefika usiku kuamua kama wodi irudishiwe wagonjwa awe na karatasi ya kuanzia.