Usiku Mmoja wa Ibn Battuta Mombasa



Nyinyi wenzetu wa visiwani mmeshazoea meli kubwa za kitalii. Inatia nanga asubuhi, wageni wanashuka na kofia zao, wanazunguka mjini, wananunua khanga na vikoi, na jioni wameshaondoka. Sisi tunaowashonea nguo za harusi huku Tukuyu tuko mbali na bahari, ila swali tunalo: mgeni wa siku moja huondoka na nini kichwani? Yuko mmoja ambaye majibu yake yameandikwa.

Ni Ibn Battuta, mtu wa Tangier, nchi ya Morocco. Alitoka kwao mwaka 1325 akiwa na miaka 21, nia yake Hija. Hija akaipata, lakini kurudi nyumbani hakurudi, miguu ilishaonja njia. Mwaka 1331 alipanda chombo Aden akaja upande wetu: Zeila, Mogadishu, Mombasa, mpaka Kilwa. Mombasa alikaa usiku mmoja tu.

Mjue kwanza kwamba hakuwa mgeni wa kusifu kila kitu. Zeila aliuona mji unanuka samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni, akaona heri alale chomboni, na bahari ilikuwa imechafuka. Mogadishu, baada ya siku 15 baharini, alipokewa vizuri na Ijumaa akaletewa mavazi. Hapo sisi mafundi tulisoma mara mbili: kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni, kwa kuwa suruali hazikuwa desturi ya huko, kanzu ya kitani cha Misri yenye nakshi, joho lenye bitana, na kilemba cha Misri. Tena anasema Mogadishu penyewe palifumwa nguo zilizobeba jina la mji huo, zikauzwa hadi Misri. Jamani, karne ya 14 hiyo! Wale wanaodhani nguo nzuri siku zote zilikuja kwetu kutoka nje wamsome.

Sasa Mombasa. Chakula alichokikuta kingemfurahisha mtu yeyote wa Rungwe: ndizi na samaki. Nafaka haikulimwa kisiwani, ililetwa kutoka pwani ya bara, kama sisi wenye migomba mpaka mlangoni tunavyongoja mchele upande kutoka Kyela. Aliona michungwa na milimau, na tunda tamu sana lililofanana na zeituni, lenye kokwa kama ya zeituni, akaliita jammun. Wapenzi, hizo si zambarau?

Kisha anafika msikitini, na hapo ndipo anapotulia. Watu wa Mombasa anawataja kuwa ni wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu, wenye staha. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kwenye kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, vifupi, kina cha dhiraa moja au mbili, na maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye kijiti chembamba cha kushikia, urefu wa dhiraa moja. Sisi tukiisoma hiyo tunaiona kata ya bibi zetu, ile ya mtungini. Ardhi kuzunguka kisima na msikiti ilisawazishwa. Watu walitembea pekupeku, kwa hiyo anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, halafu huifuta kwenye kipande cha jamvi nene kilichotandikwa mlangoni. Mwenye kutawadha hukibana kile chombo mapajani akajimiminia maji mikononi.

Kitabu cha safari zake kilikamilika mwaka 1355, akimsimulia mwandishi Ibn Juzayy mjini Fez. Hesabuni wenyewe: miaka 24, amekwishafika India na mbali zaidi, ameona makasri ya masultani, na bado anakumbuka jamvi la kufutia miguu.

Lakini usiku mmoja ni usiku mmoja. Anasema kisiwa hicho kiko mbali na pwani, mwendo wa siku mbili kwa bahari. Aliyewahi kuvuka Likoni anajua kwamba bara iko hapo hapo, pua na mdomo. Labda alisikia vibaya, labda miaka 24 ilimchanganya.

Na sisi wanawake hatumo. Hakuna hata mmoja katika Mombasa yake. Nani alipika zile ndizi, nani alisuka lile jamvi, bibi harusi wa mwaka 1331 alivaa nini, hakuandika. Wengine wanasema wasafiri wa zamani hawakujali wanawake. Kwa huyu sisi hatukubali. Visiwa vya Maldivi, alikokaa zaidi ya mwaka akawa kadhi na akaoa, ameandika juu ya wanawake kurasa kwa kurasa: mavazi yao, ndoa zao, jinsi wake wasivyokula pamoja na waume zao. Alijaribu hata kuwaamuru wajifunike kifua, wakamshinda, akabaki kumzuia tu asiyejisitiri kuingia mahakamani kwake. Kule alikuwa na nyumba, na nyumbani kuna wanawake. Mombasa alifika mlango wa msikiti, akala, akalala, na chombo kikatweka tanga kwenda Kilwa.