Mshauri wa Komine na Mfereji wa Avenyu Yetu



Kila mwaka mvua zinapoanza, sisi wakaaji wa miji ya Kongo tunajua yatakayofuata. Mfereji uliojaa takataka unafurika, maji yanaingia nyumbani, korongo linakula ukingo wa barabara, na watoto wanavuka matope kwenda shuleni. Tunalalamika mlangoni, tunalalamika sokoni, hata baada ya Misa tunalalamika. Lakini tukiulizwa, “Jambo hili ni la nani?”, wengi wetu tunanyamaza, au tunataja jina la Rais wa Jamhuri. Kati ya mlango wetu na ofisi ya Rais kuna ngazi nyingi, na ile iliyo karibu nasi kupita zote ndiyo tunayoifahamu kidogo: baraza la komine pamoja na washauri wake, ambao majirani zetu wa Tanzania na Kenya huwaita madiwani.

Katika tafakari hii tunataka kufuata historia ya mshauri wa komine katika nchi yetu. Hatufanyi hivyo kwa kupenda tarehe. Historia hii fupi, yenye vipindi virefu vya ukimya, ina fundisho linalotuhusu leo: mshauri ana nguvu pale ambapo wakaaji wanamchagua kwa ajili ya mfereji na kumdai habari za mfereji. Wakimchagua kwa ajili ya kabila, mfereji unabaki umeziba, na majirani wanageuka kuwa maadui.

Mji uliogawanyika

Kwa muda mrefu miji ya Kongo ya Wabelgiji ilijengwa kama nyumba mbili zisizoongea. Huko Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ukanda wa ardhi tupu ulitenganisha mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika. Waafrika waliishi huko kwa kibali, na viongozi waliowasimamia waliteuliwa na utawala. Mtu aliweza kufanya kazi katika kiwanda cha shaba miaka ishirini, akazaa na kuzika watoto wake mjini, bila kuulizwa hata siku moja mji ule uendeshwe namna gani.

Mnamo 1956 sauti zilianza kusikika. Mwaka ule maaskofu wa Kongo na Ruanda-Urundi walitangaza kwamba wakaaji wote wa nchi wana haki ya kushiriki katika uongozi wa mambo ya umma. Mwaka uleule kundi la walei Wakatoliki wa Léopoldville, lililokuwa karibu na Padre Joseph Malula, ambaye baadaye alikuwa Kardinali, lilitoa Manifesto ya gazeti la Conscience africaine. Walikuwa watu wachache wenye kalamu, wasio na jeshi wala fedha. Tunawakumbuka kwa sababu walithubutu kuliandika wazi jambo ambalo wengine walilisema kwa kunong’ona.

Kura ya kwanza

Tarehe 26 Machi 1957 serikali ya kikoloni ilitia sahihi dekreti juu ya miji. Kwa dekreti hiyo, mji uligawanywa katika komine, na kila komine ikapewa baraza lake. Kura za kwanza zilipigwa Desemba 1957 katika miji mitatu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya miji mingine, miongoni mwao Bukavu na Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani.

Tusiipambe kura ile kupita kiasi. Waliopiga walikuwa wanaume tu, wenye umri wa miaka 25 na zaidi. Mama aliyechota maji, aliyefagia uwanja, aliyejua kuliko wote mahali mfereji ulipopasukia, hakuwa na kura. Tena mkuu wa komine hakuwa mkuu mpaka gavana amkubali. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza Mwafrika wa mjini alishika karatasi na kusema: huyu ndiye atakayesema kwa niaba yangu.

Huko Léopoldville, Joseph Kasa-Vubu alipata kuwa mkuu wa komine ya Dendale. Siku ya kushika madaraka, tarehe 20 Aprili 1958, hakuzungumzia barabara na soko peke yake. Alisema kwamba komine haitoshi, kwamba watu wanahitaji uchaguzi wa nchi nzima na uhuru wa kujitawala ndani. Utawala ulimkaripia, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Miaka miwili baadaye mtu huyo alikuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, na komine yake ya zamani leo inaitwa kwa jina lake. Mlango mdogo wa komine ulikuwa umefungua njia ya nchi nzima.

Jeraha la Élisabethville

Lakini historia ileile ina upande mwingine, nasi wa mashariki na kusini hatuna ruhusa ya kuusahau. Élisabethville ulikuwa mji wa wageni wote. Migodi na reli zilikuwa zimewaleta watu kutoka Kasai, Kivu, Maniema, hata nje ya Kongo. Katika mitaa ya Kenya, Katuba, Ruashi na Albert, ambayo leo ni Kamalondo, waliishi ukuta kwa ukuta. Walizungumza Kiswahili kimoja, na walisumbuliwa na vumbi lilelile wakati wa kiangazi na maji yaleyale wakati wa masika.

Ilipofika siku ya kura, wengi waligawanyika kwa asili. Wakuu wa komine wanne Waafrika waliopatikana, wote walikuwa na asili ya nje ya Katanga. Kati ya watu wa Katanga likazuka neno la uchungu: tumeshindwa katika nyumba yetu wenyewe. Oktoba 1958 vyama vya watu wa Katanga viliungana na kuanzisha Conakat, chama kilichokuja kuongozwa na Moïse Tshombe. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangaza kujitenga.

Hatusemi kwamba kura ya komine peke yake ilileta vita. Zilikuwapo fedha za migodi, walikuwapo walowezi, ulikuwapo ukoloni uliozoea kuwapanga watu kwa makabila. Lakini kura ile ilionyesha ufa, na wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ule ulifunguka tena. Miaka ya 1992 na 1993, huko Likasi na Kolwezi, makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, wengi wao wakiwa wamezaliwa Katanga. Walilala kwenye stesheni wakingoja treni, na wapo waliofia hapo. Waliowafukuza walikuwa pia majirani. Walikuwa wamechota maji katika bomba moja.

Hapo tunajiuliza: mwaka 1957, ni nani aliyewauliza wagombea juu ya bomba lile? Mgombea akiulizwa, “Utafanya nini na maji ya mtaa huu?”, hulazimika kujibu wote wanaokunywa maji. Akiulizwa tu, “Baba yako alizaliwa wapi?”, hana deni kwa mtu yeyote isipokuwa wa kwao.

Miaka ya ukimya

Baada ya 1965, chini ya utawala wa Mobutu, mamlaka yalirudishwa katikati. Komine zikaitwa zone, na viongozi wake wakawa watumishi wa chama kimoja. Uchaguzi wa washauri ulifanyika mara chache, ndani ya chama hicho, na chama kilipokufa, nao ukafa. Vilifuata vita na serikali za mpito, na kwa kizazi kizima wakuu wa komine waliteuliwa kutoka juu. Mtu aliyeteuliwa kutoka juu hutazama juu.

Je, mitaa ilikaa bila kazi? Hapana. Shefu wa avenyu aliendelea kuamua ugomvi wa mipaka. Katika miji ya Kivu watu walijipanga kwa nyumba kumi, mtindo unaojulikana pia Tanzania, ambako balozi wa nyumba kumi alikuwa kiungo kati ya chama na mtaa. Na tangu maaskofu wetu walipochagua, mwaka 1961, njia ya jumuiya hai, shirika letu la mtaani limekuwa mahali ambapo tunajua nani ni mgonjwa, nani amefiwa, nyumba ya nani imeingiwa na maji. Hayo yote yalikuwa shule ya uraia. Kilichokosekana ni mtu aliyechaguliwa, mwenye haki ya kisheria ya kuingia ofisini na kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Mlango umefunguliwa tena

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliirudishia komine hadhi yake, na sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza kazi zake. Tuisome sheria hiyo, kwani inatuhusu kuliko tunavyodhani. Barabara za komine, mifereji, soko, usafi, taa za njiani: yote hayo yamo mikononi mwa baraza la komine. Baraza ndilo linalopitisha bajeti. Ndilo linalomchagua mkuu wa komine, na ndilo linalomdai hesabu. Sheria inataka pia asilimia 40 ya fungu la mapato ya taifa linalokwenda mikoani ishuke hadi komine, sekta na shefferie. Kati ya maandishi hayo na mfuko wa komine njia ni ndefu, na fedha nyingi hupotea humo. Ndiyo sababu anahitajika mtu wa kuzifuata.

Tarehe 20 Desemba 2023, katika miji mikuu ya mikoa, wananchi walichagua washauri wa komine kwa kura ya moja kwa moja. Safari hii mama alipiga kura, na kijana wa miaka 18 alipiga kura. Wengi wenu mlikuwa katika foleni ile. Pengine hamkumbuki mlimpa nani kura ya mshauri, kwa sababu macho yalikuwa kwenye kura ya Rais. Lakini kura ile ndogo ndiyo iliyo karibu na mfereji wenu.

Tunajua pia kwamba ushirikiano wa wakaaji unawezekana, kwa kuwa umekwisha kuonekana kwetu. Katika Kivu Kusini, tangu miaka ya 2010, komine kama Ibanda huko Bukavu zilijaribu bajeti shirikishi, njia iliyoanzia Porto Alegre nchini Brazil mwaka 1989. Wakaaji waliitwa mkutanoni, hata kwa ujumbe wa simu, wakachagua wenyewe kazi itakayotangulia. Mtu anayeona kodi yake ikigeuka daraja au choo cha soko huacha kuikimbia kodi.

Basi, vijana wapendwa, mshauri asiyeulizwa husinzia, hata akiwa mtu mwema. Anayeulizwa kwa matusi hujificha. Anayeulizwa kwa heshima, kwa pamoja na kwa maandishi, na watu wa asili zote wanaokaa kando ya mfereji mmoja, hana pa kujificha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuanze kwa kumjua, kisha tumwalike mtaani, tumwonyeshe maji yanapopita, nasi wenyewe tuwe tumeshika majembe.

Maswali ya kutafakari katika kundi

1. Washauri wa komine yetu ni akina nani? Ni nani kati yetu amewahi kuzungumza na mmoja wao?
2. Katika avenyu yetu, ni tatizo gani moja linalowapata watu wa asili zote sawasawa?
3. Mwaka 2023 tulichagua kwa kuuliza swali gani: “Atafanya nini?” au “Ni wa wapi?”
4. Kabla ya mvua zijazo, ni kazi gani tutaifanya kwa mikono yetu, na ni ipi tutaidai kwa baraza?