Semina za wahadhiri kuhusu kufundisha kwa mtandao: ni za nini, na zinamhusu vipi mwanafunzi aliye kijijini

Mzazi mmoja alitupigia simu studio, kipindi cha jioni, akiwa na swali ambalo hatukuwa na jibu lake pale pale. Kijana wake anasoma mwaka wa pili chuo kikuu. Alipokuwa nyumbani likizo, mhadhiri aliweka video ya somo kwenye mtandao wa chuo, pamoja na jaribio la kufungwa Ijumaa saa 6 usiku. Kijana akapanda kilimani, mahali pekee kijijini kwao ambapo mtandao unakamata, akaanza kupakua. Kifurushi kikaisha kabla video haijafika nusu. Jaribio likafungwa, na alama zikapotea.

Mzazi alitaka kujua jambo moja: hivi wahadhiri hufundishwa namna ya kufundisha kwa mtandao, au kila mmoja anajifanyia anavyojua?

Jibu fupi ni kwamba mafunzo hayo yapo. Jibu refu ndilo tunaloliandika hapa, kwa ajili ya wazazi wanaosomesha, wanafunzi, na ninyi mnaofikiria kujiunga na chuo huku mkiendelea na kazi.

Kwa nini mhadhiri afundishwe tena?

Mwalimu wa shule ya msingi au sekondari husomea ualimu kabla ya kushika chaki. Mhadhiri kwa kawaida huajiriwa kwa sababu analijua somo lake. Ana shahada ya uzamili au uzamivu katika kemia, sheria au kilimo, lakini huenda hajawahi kusomea ufundishaji. Anafundisha kama alivyofundishwa yeye. Akipewa kompyuta na intaneti, mara nyingi huhamishia mtandaoni yale yale ya darasani: hotuba ya saa nzima, sasa ikiwa kwenye video.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, Punya Mishra na Matthew Koehler, walieleza tatizo hili kwa njia ambayo bado hutumika kwenye semina nyingi. Walisema mwalimu anahitaji maarifa ya aina tatu: ya somo, ya ufundishaji na ya teknolojia. Kuwa na kila moja peke yake hakutoshi. Kazi iko pale zote tatu zinapokutana.

Tuchukue mfano wa mhadhiri wa sayansi ya udongo. Anaujua udongo, na simu anaitumia kila siku. Akiviunganisha vizuri na ufundishaji, hatarekodi hotuba ndefu. Atamwagiza mwanafunzi aliye likizo achukue udongo wa shamba la nyumbani, aulowanishe, aufinyange kuwa utepe kwa vidole, apige picha moja na kuandika alichoona. Somo linafika, na data iliyotumika ni kidogo sana.

Tulifikaje hapa?

Kumfundisha mtu aliye mbali na chuo si jambo jipya kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 ili kufundisha watu walipo, na kina vituo vyake mikoani. Mwaka 1997 ulianza mradi wa Chuo Kikuu Pepe cha Afrika kwa msaada wa Benki ya Dunia. Baadaye makao yake yakawa Nairobi.

Mwaka 2002 Martin Dougiamas wa Australia alitoa toleo la kwanza kamili la Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni. Kwa kuwa haiuzwi, vyuo vingi viliichukua, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndani yake mhadhiri huweka maandishi, sauti, video, majaribio na jukwaa la majadiliano.

Kwa muda mrefu wahadhiri wachache tu ndio walioitumia kwa bidii. Kisha ikaja corona. Machi 2020 vyuo vilifungwa Tanzania, na vikafunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huo. Katika miezi ile ilionekana wazi kwamba chuo kinaweza kuwa na mtambo wa masomo mtandaoni huku walimu wake hawajui kuutumia. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaojulikana kwa kifupi kama HEET. Sehemu kubwa inayoonekana ni majengo, lakini mradi unahusu pia kuwaongezea wahadhiri ujuzi, wa kidijitali ukiwemo.

Ndani ya semina hufanyika nini?

Semina nzuri haianzi na vitufe vya kompyuta. Huanza na swali: mwanafunzi wako amalize wiki hii akiwa anaweza kufanya nini? Kisha mhadhiri huchukua somo lake halisi, la muhula unaokuja, na kulijenga upya. Wiki moja inagawanywa vipande vidogo: maandishi mafupi, sauti ya dakika 10, kazi ya kufanya, swali la kujadili. Wenzake hulipitia kama wanafunzi na kumwambia palipokwama.

Hapo ndipo hesabu ya MB inapoingia, na hesabu hii sisi wa redio tunaifahamu. Video ya saa moja inayotumia megabiti 1 kwa sekunde hufika MB 450. Saa hiyo hiyo ikiwa sauti tupu iliyobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, inakuwa MB 14 hivi. Kwa mzungumzo wa kawaida, sauti hiyo inasikika vizuri. Mhadhiri aliyeelewa hesabu hii ataweka sauti pamoja na maandishi yenye michoro, na video ataiacha kwa jambo ambalo ni lazima lionekane kwa macho.

Jambo jingine dogo linahusu majaribio. Moodle ina programu ya simu. Mhadhiri akiruhusu kwenye mipangilio, mwanafunzi anaweza kulipakua jaribio, kulijibu bila mtandao, kisha kulituma akifika penye mtandao. Sharti mojawapo ni kwamba jaribio lisiwe la kuhesabiwa dakika. Kijana wa yule mzazi angeweza kujibu akiwa amekaa nyumbani kwao, kama mhadhiri angejua kwamba mpangilio huo upo.

Siku hizi semina nyingi zina mada ya akili mnemba pia. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, insha inaweza kuandikwa na mashine kwa sekunde chache. Wahadhiri hujifunza kutunga maswali yanayomlazimu mwanafunzi kutumia alichokiona mwenyewe. Ile kazi ya udongo wa shamba la nyumbani ni mfano mzuri: mashine haijalishika jembe la baba yako.

Mbona nyingine haziachi kitu?

Tuseme ukweli. Zipo semina za siku moja hotelini, ambapo mtaalamu anabonyeza, washiriki wanatazama kwenye projekta, posho inasainiwa, picha ya pamoja inapigwa, na Jumatatu kila mmoja anaendelea kama zamani. Kosa si la washiriki peke yao. Mhadhiri mwenye wanafunzi mamia, asiyepunguziwa vipindi na asiye na mtu wa kumuuliza anapokwama, ataacha mapema.

Mmarekani Donald Kirkpatrick, katika makala alizoanza kuzitoa mwaka 1959, alionyesha namna ya kupima mafunzo kwa hatua nne. Je, washiriki waliyapenda? Je, walijifunza kitu? Je, wanatenda tofauti wakirudi kazini? Na je, matokeo yamebadilika kwa wale wanaowahudumia? Fomu za mwisho wa semina kwa kawaida huuliza la kwanza tu. Kwa mzazi aliyetupigia, la nne ndilo lenye maana: kijana alisoma, au hakusoma?

Tanzania tuna mfano wetu wa kale. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifikisha elimu ya afya kwa watu takriban milioni 2 kupitia redio na vitabu, wakiwa katika vikundi vijijini. Redio haikuachwa izungumze peke yake. Kabla ya vipindi kuanza, makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi walipewa mafunzo ya kuongoza mazungumzo. Watu walisikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Chombo kilikuwa cha kawaida. Maandalizi ya watu ndiyo yaliyokuwa makubwa.

Wewe unaweza kufanya nini?

Kama ni mwanafunzi, kabla ya kuondoka chuoni pakua programu ya simu ya mtandao wa masomo wa chuo chako, na upakue vitabu na maandishi yote ukiwa bado kwenye intaneti ya chuo. Mwambie kiongozi wa darasa apeleke ombi kwa mhadhiri mapema: sauti badala ya video, majaribio yaachwe wazi kwa siku kadhaa, na ikiwezekana yajibiwe bila mtandao. Ukikwama, piga picha ya skrini yenye tarehe na saa, kisha mwandikie mhadhiri siku hiyo hiyo. Usisubiri matokeo ya muhula.

Kama ni mzazi, usimshangae kijana anayekaa kilimani na simu. Muulize anasoma nini na anahitaji MB ngapi kwa wiki, ili fedha ya kifurushi ipangwe kama ile ya nauli.

Kama unatafuta chuo cha kusoma ukiwa mbali, usiulize ada peke yake. Uliza wahadhiri wamefunzwa kufundisha kwa mtandao lini, masomo yanapatikana kwa sauti au maandishi, na kituo cha karibu nawe kiko wapi. Chuo kilichojiandaa kitakujibu bila kuzunguka.

Yule mzazi tulimpigia tena na kumsomea haya. Alisema atamwambia kijana wake aandike barua kwa mhadhiri, kwa heshima, akieleza habari za kilima. Tutampigia muhula ukiisha, na tutawaeleza hewani kilichotokea.