Machozi Nayo ni Elimu

Huko Kanazi, palipokuwa na ikulu ya Mukama Kahigi wa Kianja, mila za Kihaya zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo, si kuliuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alilibatilisha katazo hilo.

Lakini dharau haikukomea migombani. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume. Tangu 1980 wanawake wanazuoni chuoni hapo walikuwa na kikundi chao cha utafiti.

Kupigania usawa chuoni ni kazi nzito: kumliwaza anayelia, kumwelewesha asiyetaka kuelewa, kumeza hasira kikaoni. Kazi hiyo haimo katika ratiba, wala haihesabiwi mtu apandishwapo cheo. Hata hivyo, yasikilizwayo huwa elimu. Mwaka 1991 Magdalene Ngaiza na Bertha Koda walihariri kitabu cha masimulizi ya maisha ya wanawake wa Tanzania.

Yatupasa basi tumhesabu msikilizaji miongoni mwa wanazuoni, tusimwachie mzigo huo peke yake.